Mama Alivyotufundisha Kuungama

Mama yangu alitufundisha kuungama kabla hajatufundisha kusonga ugali. Sitanii. Mimi na mdogo wangu tulikuwa bado tunaogeshwa uani pale nyumbani, upande wa Kaengesa, na tayari tulijua kwamba mtu akiingia kwa padre anataja dhambi yake, anasema alijua, anasema alitaka, kisha ananyamaza. Hakuna "lakini". Hakuna "fulani alinisukuma". Siku moja nilidokoa nyama chunguni, Mama akanisimamisha ukutani nifanye mazoezi: nimeiba nyama, nilijua ni kosa, nilitaka. Nilipoongeza kwamba njaa ilinizidi, nikalambwa kofi. "Njaa haikuiba," alisema. "Umeiba wewe."

Nayasema haya kwanza kwa sababu watu wananiuliza, hasa wateja wangu hapa mjini, Majengo ninakoshona nguo. Wanakuja kupimwa gauni, mara wanashusha sauti: hivi ilikuwaje mdogo wako akajitia kitanzi kwa mdomo wake mwenyewe? Wanauliza huku wamenyoosha mikono niwapime makwapa. Wengine nawajibu, wengine nawabana na futi kiunoni mpaka wanasema basi, fundi, basi.

Mdogo wangu aliolewa na mkulima, kijana mpole ambaye msimu wa mpunga hushuka bondeni kulima, hurudi kukiwa kumekauka. Mimba yake ya kwanza ilipokaribia kutimia akarudi kwa Mama kujifungua, maana huku kwetu mtoto wa kwanza ndivyo anavyozaliwa. Baba alikwishafariki. Nyumbani walikuwa wawili tu, Mama na mdogo wangu. Alijifungulia zahanati, mtoto wa kiume, salama salimini, wanawake wa jumuiya ya kanisani wakaleta uji wa ulezi na kuni. Mimi nilituma kanga na sabuni, nikacheka peke yangu dukani kwa furaha.

Jumapili moja nikapanda gari kutoka mjini kwenda kumwona mtoto. Nilimkuta mdogo wangu ameketi ukingoni mwa kitanda, kifua chote kimelowa maziwa, mtoto analia kwenye mkeka, naye anatazama mlango. Hakunisalimia. Huyu ni mtu ambaye tangu mdogo alikuwa akiniona kwa mbali anaanza kupiga kelele "dada huyoo". Nikamwinua mtoto nikampa. Akaurudisha mkono nyuma kana kwamba nimempa kaa la moto.

"Dada, huyu si wangu," akasema. "Wangu wamemweka chini ya maji. Namsikia."

Nilimuuliza umelala lini, akasema hawezi kulala kwa sababu wakija kumrudisha wa kwake watamkuta hayuko macho. Alikuwa anaongea taratibu kabisa, kwa adabu, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Nikamfuata Mama jikoni. Alikuwa anapepeta ulezi. Nikamwambia, Mama, shikamoo sitoi tena maana nimeshatoa, mdogo wangu anaumwa, tumpeleke hospitali ya mkoa leo hii. Mama hakusimamisha ungo.

"Uzazi huo," akasema. "Mimi nimezaa, nikalia, nikapona."

"Mama, anasema mtoto si wake!"

"Shusha sauti. Unataka majirani wasikie?" Ndipo akaweka ungo chini. "Ukishaandikwa kichaa umeandikwa. Mumewe atamrudisha. Na wewe hapo, unadhani utaolewa na nani, dada wa kichaa?"

Tulibishana mpaka gari la mwisho likakaribia kuondoka. Nilifoka, nikabembeleza, nikamfunga mdogo wangu kanga nikitaka niondoke naye, Mama akasimama mlangoni. Mwishowe akaahidi: mtoto akishabatizwa, hospitali tutakwenda. Mtoto asiende mjini kwenye magonjwa hajabatizwa. Katika nyumba ile neno la Mama ndilo la mwisho. Nikarudi zangu mjini, Milanzi ninakoishi, roho imekaa juu juu.

Hakubatizwa. Asubuhi moja Mama alikwenda kanisani kuzungumza na katekista habari ya ubatizo huohuo. Aliporudi, mjukuu wake alikuwa amekufa majini, ndani ya beseni la kuogea. Mdogo wangu ndiye aliyemtia humo. Siwezi kuandika zaidi ya hapo na sitaki mtu aniulize. Mama ndiye aliyewakuta, wawili tu, na maneno aliyoambiwa na binti yake pale uani hakumsimulia mtu yeyote. Hata mimi hakuniambia.

Majirani walijaa. Na ninyi mnajua sifa za Sumbawanga. Ukisafiri ukajitaja unatoka huku, watu wanasogeza kiti pembeni huku wanacheka. Basi wakaanza: amerogwa, kuna mkono wa mtu, angalieni upande wa mumewe. Mama akawafukuza kwa mwiko. Nyumba yake haina mambo hayo, akawaambia, na mwanawe hakuna aliyemtuma, akili zake anazo. Nilipofika nikiwa nimechanganyikiwa, nilimsikia akisema hivyo kwa polisi pia. Nikamwona mtu shupavu. Sikujua kwamba mlango aliokuwa anaufunga ni ule tutakaouhitaji baadaye.

Mdogo wangu akawekwa mahabusu. Tulipokwenda kumwona alikuwa bado yuko mbali, macho yanapita juu ya vichwa vyetu, maziwa bado yanamtoka. Nilimwita jina lake la utotoni, kimya. Mama akamwita, akageuka. Tangu zamani sauti ya Mama ilikuwa na nguvu hiyo. Mama akasema naye kwa Kifipa, polepole, ameshika nondo: mwanangu, watakupeleka kwa mtu akuulize. Ungama kama nilivyokufundisha. Usimsingizie mtu. Usiseme hukujua. Usipoungama yote hutasamehewa, na mtoto wako hutamwona.

Ukweli ni kwamba nilisimama pale nikadhani anamwandaa kwa padre. Yeye mwenyewe Mama, naapa, aliona ni jambo lilelile. Kwake mtu akikaa mezani akakuuliza ulichotenda, kazi yako ni moja.

Wakampeleka kwa mlinzi wa amani, yaani hakimu wa mahakama ya mwanzo ambaye kazi yake siku hiyo ni kuandika maelezo ya mtu kwa hiari yake. Akaulizwa kama ametishwa, akasema hapana. Akaulizwa kama ameahidiwa kitu, akasema hapana. Kisha akasema: nilimuua mwanangu. Nilijua ni mwanangu. Nilitaka afe. Hakimu akamuuliza kama ana la kuongeza. Akasema hana, akajipiga kifua.

Jamani! Mtu ambaye Jumapili alikuwa ananiambia mtoto si wake! Sheria inatafuta vitu viwili ili ikuite muuaji, ulijua na ulikusudia, naye akavibeba vyote viwili akavipeleka mezani bila kuombwa. Mama alipoambiwa kwamba binti yake amesema kila kitu, alikunja mikono akashukuru Mungu. Usiku ule, aliniambia baadaye, ndio wa kwanza alipata usingizi.

Shitaka likawa mauaji, na mauaji hayana dhamana. Ikaanza ile "kesi imeahirishwa, upelelezi haujakamilika". Nilimaliza misimu ya baridi nikipeleka gerezani sabuni, dagaa, sweta nililofuma kwa mikono yangu. Mume wake alikuja mwanzoni, analia kama mtoto, kisha akaja mara mojamoja, kisha akaacha. Simlaumu. Au namlaumu siku nyingine, inategemea nimeamkaje.

Mahakama ikaagiza apelekwe Dodoma, hospitali ya wagonjwa wa akili, wakampime. Akapewa dawa. Akalala. Mdogo wangu akarudi! Uso ukarudi, sauti ikarudi, akaniuliza habari za wateja wangu wasumbufu mmojammoja. Nikafurahi kwa muda wa kumeza mate tu, kwa sababu alivyorudi ndivyo alivyojua. Alipokuwa mgonjwa alikuwa anangoja mwanawe aletwe. Alipopona akajua hakuna atakayeletwa, na mkono uliofanya hivyo upo pale pale kwenye bega lake, anaoga nao, anakula nao.

Daktari alikuwa amemweleza kwamba huo ni ugonjwa, unawapata baadhi ya wazazi siku chache baada ya kujifungua, unachukua akili yote, unatibika. Nilimwambia, si unasikia? Ulikuwa unaumwa. Akanitazama kwa huruma, kama mimi ndiye mfungwa.

"Dada, daktari hakuwepo," akasema. "Mama alikuwepo. Na Mama anasema nilijua."

Kesi ilipopangiwa kikao cha Mahakama Kuu, mdogo wangu akapewa wakili wa kumtetea, mwanamke wa makamo mwenye mafua yasiyomwisha. Alinikalisha chini akanieleza bila kunizungusha. Kuna kifungu, alisema, cha mama anayeua kichanga chake hajapona uzazi, akili imevurugika. Hapo hukumu si kunyongwa. Na kuna njia nyingine, ya mtu ambaye alikuwa mgonjwa kiasi kwamba hakujua kabisa anachofanya. Huyo hahukumiwi kama mkosaji, anapelekwa hospitali. Ripoti ya daktari inasema inawezekana sana alikuwa hivyo. Lakini daktari alimpima miezi mingi baadaye, na ustawi wa jamii walipouliza nyumbani, mama mzazi alijibu binti alikuwa mzima. Tuna maneno ya mshitakiwa mwenyewe, yamenyooka. Na tuna wewe, uliyemwona mchana mmoja.

"Nani alikuwa analala naye?" akaniuliza.

"Mama."

"Basi nahitaji mama yenu. Bila yeye, ninakwenda mahakamani nimeshika hewa."

Nikamuuliza, na tukishindwa? Akapenga kamasi. Akasema hukumu ya mauaji ni moja tu, jaji hana pa kuchagua. Watu huniambia siku hizi hawanyongi, wanakuweka tu unangoja. Wanaona wamenipa faraja. Nenda wewe ukangoje basi, nione.

Nikaenda kwa Mama. Alikuwa shambani anang'oa maharage. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama kwenye tuta, viatu vya mjini vimejaa udongo. Aliponisikiliza akatikisa kichwa.

"Nikaape kwa Biblia kwamba mwanangu hakutenda?"

"Alitenda, Mama. Useme alikuwa mgonjwa."

"Ni kulekule. Asiyetenda dhambi hasamehewi. Mimi nimeshamwombea msamaha, ameshaungama, roho yake iko salama. Wewe unataka kuokoa shingo."

"Ndiyo, nataka kuokoa shingo! Shingo ya mdogo wangu! Wewe huitaki?"

Akaniambia nisimpigie kelele shambani kwake. Nikampeleka kwa padre, maana nilisema huyo hatambishia. Padre akamweleza vizuri, kwa upole, kwamba asiye na akili timamu hawezi kutenda dhambi ya mauti, kwamba hakuna cha kuungama pale palipokuwa na ugonjwa. Mama akamsikiliza, akabusu mkono wake, tukatoka nje. Nikadhani tumemaliza. Njiani akasema, "Yule bado kijana." Nilitaka kulia na kucheka kwa pamoja. Nikakaa chini, palepale pembeni ya barabara, vumbi la malori linanipiga, nikamwambia siondoki. Mama, watamwua. Una watoto wawili, umemzika mjukuu, sasa unataka kumzika na mama yake, mimi nibaki na wewe tunatazamana? Nikamwambia nitahama mkoa huu na hutajua nilikokwenda. Nilisema na mengine ambayo mtoto hamwambii mzazi wake.

Mama akakaa kando yangu. Alichukua muda kuzikunja nguo zake vizuri magotini.

"Nikisema alikuwa mgonjwa," akasema, "wataniuliza nani alikuwa anamwangalia."

Ndipo nikaelewa. Muda wote ule nilidhani ninashindana na dini yake. Alikuwa anaogopa. Binti yake akiwa mkosaji, Mama ni mama wa mkosaji tu, anavaa kitenge chake cheusi na watu wanamwonea huruma. Binti yake akiwa mgonjwa, basi kuna mtu aliyemwona mgonjwa, akasimama mlangoni. Sikutafuta neno la kumfariji. Nilimshika mkono, nikamwambia tu, kikao kinaanza wiki ijayo.

Alikuja. Nilikuwa nimemngoja nje ya mahakama roho mkononi, nimeshakata tamaa, nikamwona anashuka kwenye gari la Kaengesa amevaa sare ya jumuiya. Wakili alimtanguliza mimi nikangoja nje zamu yangu, maana shahidi hasikilizi ya mwenzake kabla hajasema yake. Ya Mama nilisimuliwa na wakili, na mume wa jirani yetu aliyekuwa amekaa ndani, na Mama mwenyewe. Wote walisema kitu kimoja.

Aliulizwa kama anahitaji mkalimani wa Kifipa, akasema Kiswahili anakijua. Akasema binti yake hakulala tangu mtoto alipokuwa na siku chache. Alikuwa anafukua chini ya kitanda kwa kijiko akimtafuta mtoto. Alikuwa anasikia kilio ndani ya pipa la maji. Akasema asubuhi ile aliporudi kutoka kanisani alimkuta anaanika nepi, ametulia, anatabasamu, akamwambia: Mama, nimeshamrudisha wa kwao, sasa wataniletea wa kwangu. Kisha akamuuliza kama kuna uji umebaki, maana mtoto akifika atataka kunyonya.

Wakili wa serikali akasimama. Akamuuliza kwa nini hakuyasema haya polisi, kwa nini aliwaambia watu wa ustawi kwamba binti ni mzima. Mama akasema alidanganya. Akamuuliza kwa nini basi, kama aliona yote hayo, hakumpeleka hospitali. Mama akasema: nilijua mwanangu anaumwa. Dada yake aliniambia, nami nilikuwa nimeshajua kabla yake. Nilitaka watu wasijue. Maneno yale kwa mlinzi wa amani nilimfundisha mimi.

Kizimbani, wanasema, mdogo wangu alikuwa ameinama tangu asubuhi. Hapo aliinua kichwa akamtazama Mama, na hakuinama tena. Kikao kilipoahirishwa, askari wakamchukua moja kwa moja, hatukupata nafasi ya kusema naye.

Siku ya hukumu nilikuwepo ndani. Jaji alisoma kwa sauti ndogo, mambo mengi ya sheria yakanipita, lakini mwisho niliusikia wote: mshitakiwa alitenda tendo lile, na alipolitenda alikuwa mgonjwa wa akili kiasi cha kutojua anachofanya, hana hatia, apelekwe Dodoma, akae hospitali mpaka itakapoamriwa vinginevyo. Miaka haikutajwa. Nilipiga kelele, askari akanikodolea macho, nikajiziba mdomo na mtandio. Hawamnyongi! Wakili alinishika bega, naye macho yamemlowa, akasingizia mafua.

Walituruhusu dakika chache kwenye korido kabla gari halijaondoka. Nilimkumbatia mdogo wangu, nikamwambia umepona, umesikia, umepona, nitakuja Dodoma, nitakuja na kila nguo unayotaka. Mwili wake ulikuwa mgumu. Alikuwa anatazama nyuma yangu. Mama alikuwa amesimama pale na chupa ya uji na kitenge kipya, anaogopa kusogea.

"Shikamoo, Mama," mdogo wangu akasema.

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, miaka yote hii nilikuwa naamka kila siku naomba nife, kwa sababu nilitaka mwanangu afe. Nilikuwa natafuta ndani yangu ni saa ngapi nilitaka, siioni, nasema labda mimi ni mbaya kiasi kwamba hata hiyo nimeisahau." Hakupandisha sauti. "Wewe ulijua sikutaka."

Mama akafungua mdomo. Hakusema "lakini".

"Usije Dodoma," mdogo wangu akamwambia. Akaniachia mkono, akawafuata askari, akapanda gari, akakaa upande wa pili, usio na dirisha linalotazama kwetu.

Gari likatoka. Tulisimama pale getini mpaka vumbi likatua. Mama akaniuliza amesema nini. Alikuwa amesikia vizuri kabisa. Nikayarudia yote, neno kwa neno.